Dawa ya moto: vifundo vya miguu vilipovimba, nikajua moyo wangu unaniaga

Wakuu, wa kusalimiwa nawasalimu, na wenye shikamoo zao nimeshaitikia marahaba kabla hawajaandika. Nakaribia themanini. Simu hii kanifundisha binti yangu hapa Kigoma, na akiona nimeandika uzi mrefu atasema baba unamaliza bando.

Juzi kijana mmoja aliuliza humu swali. Jioni akivua soksi zinamwachia mfereji mguuni, akibonyeza kwa kidole panabaki shimo. Je, ni moyo?

Mkamjibu kwa mzaha. Mmoja kamwambia apunguze kitimoto. Mwingine kamwambia ex wake kamroga. Nilikasirika, nawaambia kweli. Nilikuwa nimekaa nikasimama.

Kwa sababu hilo swali mimi nilishawahi kujiuliza, na sikuwa na jukwaa la kuuliza. Yafuatayo yamenitokea mimi mwenyewe, na pale penye aibu yangu sitaparuka.

Turudi Lubumbashi, miaka ya sabini ikielekea mwisho. Nchi inaitwa Zaire, chama ni kimoja, kila mtu ni "citoyen", yaani mwananchi, tai ni marufuku na majina ya ubatizo tumeyaweka kabatini. Mimi naitwa Ngoie. Babu yangu alishuka kutoka kaskazini mwa Katanga kuja kujenga reli, baba akaingia shaba, na mimi nikaingia shaba.

Nilifanya kazi kwenye matanuru ya Kampuni. Kampuni ya serikali, inatosha kuiita hivyo, maana kule ukisema Kampuni hakuna anayeuliza ipi.

Sasa, joto la tanuru la shaba siwezi kuwaeleza mkaelewa. Jasho lilikuwa linatoka mpaka linakauka juu ya ngozi na kuacha unga mweupe. Ndiyo maana mlangoni pa kuingilia palikuwa na pipa la maji na kopo kubwa la vidonge vyeupe. Unapita, unachota viwili, unameza, unaingia.

Sisi tuliviita dawa ya moto.

Hilo jina lishikeni. Hakuna aliyetuambia jina lingine, au kama walisema, walisema kwa Kifaransa siku ya kwanza ya kazi, na siku ya kwanza ya kazi nani anasikiliza? Vilikuwa na ngozi laini nje, unameza haraka, ulimi hauonji kitu.

Aliyenifundisha kazi ni Papa Musonda, mkuu wa zamu yetu, mtu wa Kilwa kule ziwani, si Kilwa yenu ya pwani. Mfupi, mpana, mkali kama pilipili. Mara moja alinivuta kwa kola nikiwa nusu hatua tu na mtiririko wa shaba. Nisingekuwa hapa kuandika. Toka siku hiyo nilimhesabu baba yangu wa pili.

Ndiye aliyenielewesha ile dawa. "Hii njo inatiaka moto mu mwili," aliniambia. "Muntu wa fourneau bila hii, nguvu inaisha."

Fourneau ndilo tanuru. Nikamwamini. Nani asingemwamini?

Papa Musonda alipostaafu alihamia Katuba na mke wake, Maman Chanda. Jumapili moja nilimtembelea baada ya misa, nikamkuta amenyong'onyea tu, uso hauna rangi. Akanishika mkono. "Ngoie, mwili ilizoea ile dawa. Unaweza kunileteaka kidogo?"

Kidogo tu? Wakuu, mimi nilimletea kopo la maziwa limejaa. Na Jumapili iliyofuata tena. Pale mlangoni hakuna aliyekuwa anahesabu. Nilijisikia mtoto mwema, na Maman Chanda alinipikia bukari na samaki wa Kilwa kila nilipofika. Bukari ni ugali wetu, msianze kuulizana.

Baada ya miezi kadhaa miguu yake ikaanza kuvimba. Kule tunasema mikulu. Ilianza kwenye vifundo, ikapanda. Alikuwa anabonyeza kwa dole gumba na kunionyesha shimo linavyokaa, anacheka. "Angalia, nimekuwa mukate."

Kisha kucheka kukaisha. Akawa hawezi kulala chali, anaegemea kiti usiku kucha, pumzi inamkata akitembea kutoka mlangoni hadi uani.

Alikufa masika yale, asubuhi, akiwa bado kwenye kiti. Watu wa matanga wakasema roho ilichoka. Ndugu zangu wa Tanzania, kule kwetu roho ndiyo moyo huu unaodunda, sio ile inayokwenda mbinguni. Roho ilichoka maana yake moyo ulishindwa kazi.

Nililia kama mtoto. Nikabeba jeneza upande wa miguu, na nakumbuka lilivyokuwa zito upande ule.

Kiangazi kilichofuata Kampuni ikanitoa tanuruni. Niliungua mkono kidogo, wakanipeleka kwenye mizani ya malori. Kazi ya kiti. Lori linapanda, naandika uzito, lori linashuka. Kutwa nzima makalio hayaondoki.

Lakini dawa ya moto sikuiacha. Kila asubuhi nilipita kule mlangoni kuwasalimia wenzangu, nachota viwili, na vingine natia mfukoni. Nilikuwa mtu wa tanuru bado, ingawa nimekaa kitini. Kuacha ile dawa ilikuwa sawa na kukubali kwamba nimeshakuwa karani.

Aliyegundua ni mke wangu Zaina. Baba yake alikuwa fundi cherehani, Mwislamu wa Maniema, na Zaina alirithi cherehani na jicho. Alikuwa anashona abacost, zile suti za zama za chama zisizovaliwa tai, za nusu ya mtaa wetu. Mtu akiingia tu mlangoni ameshajua kiuno chake.

Jioni moja navua soksi, akanishika mguu, akaugeuza huku na huku.

"Ngoie, hii mikulu ni ya nani? Ya kwako haiko hivi."

Nikamwambia kiatu kinabana.

"Kiatu inabanaka kidole. Haiwezi kuvimbisha mukulu yote."

Akabonyeza. Shimo likabaki.

Wakuu, mimi nilikuwa nalijua lile shimo. Nilishaliona Katuba. Nikavuta mguu, nikamwambia aache ushonaji wake usiku huu, mimi si suruali. Nikatoka nje nikasimama ukutani, naogopa. Naogopa kabisa kabisa. Nilikuwa na miaka thelathini na moja na watoto wawili.

Kuanzia pale moyo ukawa hauniachii nafasi. Nikiwa kwenye mizani nausikia unadunda masikioni. Ukiruka pigo moja, naacha kuandika, nasubiri. Nilikosea uzito wa malori mpaka dereva mmoja akaniuliza kama nimelewa.

Kulala chali nikaogopa. Nilikuwa nalala chali makusudi kidogo, kujipima kama pumzi itakata, halafu nageuka haraka kabla haijapata nafasi ya kukata. Mchekeni, lakini mkiwa na hofu hiyo mtafanya upuuzi mkubwa kuliko huo.

Mtaniuliza, kwa nini usiende hospitali? Kampuni ina hospitali, bure. Ndiyo. Lakini daktari wa kazi akikuandika "inapte", hufai tena, unaondoka na nyumba inabaki. Na zaidi ya nyumba, sikutaka kuambiwa. Nilifikiri maadamu halijasemwa, halijawa. Ujinga wa mwoga ni huo.

Na hapa ndipo pa kuniona mjinga zaidi. Kwa kuwa nguvu zilikuwa zinapungua, nikaongeza dawa. Viwili asubuhi, viwili mchana, viwili jioni. Siku ambazo moyo uliruka sana, vinane. Kila nilipoogopa nilimeza. Halafu nakunywa maji mengi, maana kiu ilikuwa haiishi, na kesho yake viatu havifungiki.

Jumamosi moja ya salongo, ile kazi ya lazima ya kufagia barabara na kuzibua mitaro, viatu viligoma kuingia kabisa. Nikaenda na sandali. Kiongozi wa chama wa mtaa wetu, mtu wa maneno mengi, akaniona.

"Citoyen Ngoie! Salongo na sandali? Uko ku plage?"

Plage ni ufukweni. Watu wakacheka. Mimi nikacheka nao. Kisha jicho lake likashuka miguuni, akanyamaza. Na wote waliokuwa karibu wakafuata jicho lake, wakanyamaza mmoja mmoja. Mama mmoja jirani akasema taratibu, "Yesu." Nilifagia nikiwa nimegeuzia watu mgongo mpaka kazi ikaisha.

Niliporudi nyumbani Zaina alikuwa ameshapata habari. Hakunigombeza. Alichukua utepe wake wa kupimia nguo, akapiga goti, akapima kifundo cha mguu wa kulia, akaandika kwa chaki ndani ya mlango wa kabati. Asubuhi akapima tena kabla sijashuka kitandani. Akaandika.

Sentimita ishirini na nne asubuhi, ishirini na nane jioni.

Akaendelea hivyo, anapima bila kuniambia neno. Mimi natazama dari. Jioni ikipanda sikushtuka sana, kila mtu anayekaa kitini damu humshuka miguuni. Kilichonimaliza ni safu ya asubuhi. Ishirini na nne. Ishirini na nne na nusu. Ishirini na tano. Wiki ya pili, ishirini na sita. Maana yake usiku hauondoi tena kile mchana ulicholeta.

Siku kipimo cha asubuhi kilipofika ishirini na sita, Zaina alifunga kabati, akakaa kitandani, akasema:

"Mie minashonaka nguo ya bantu bazima, benye uhai. Sipendi kukushonea ile ya mwisho. Tunaenda leo."

Tukaenda.

Daktari alikuwa kijana wa Zaire lakini si wa upande wetu, ametoka masomoni karibuni, Kiswahili chake cha kutafuta kwa tochi. Muuguzi, mtu mzima, ndiye aliyekuwa anakamilisha sentensi zake. Daktari alinisikiliza moyo mbele na nyuma, akanilaza, akanitazama shingo, akabonyeza muundi. Akanifunga kile kitambaa cha BP mkononi, akapuliza, akasoma, akapuliza tena mara ya pili. Nilikuwa naangalia uso wake, si mashine. Ile mara ya pili iliniua.

Wakapasha moto mkojo wangu kwenye kichupa kuangalia figo. Wakanipiga picha ya kifua. Kisha nikasubiri kwenye benchi, Zaina pembeni na karatasi aliyonakili zile namba za kabatini. Nilimshika mkono, na mimi sikuwa mtu wa kushika mkono mbele za watu.

Tukaitwa. Daktari akauliza, "Unakunywaka dawa gani?"

"Hakuna, Docteur."

Nilisema kweli, kwa akili yangu. Dawa ni ya hospitali. Ile ilikuwa kitu cha kazi, kama kofia na glovu.

Zaina akanitazama. "Hakuna? Na ile ya moto?"

"Ya moto ni nini?" daktari akauliza.

Zaina alikuwa na kopo kwenye kikapu chake. Sijui alilitia saa ngapi. Akaliweka mezani.

Daktari akachukua kidonge kimoja, akakivunja kwa kalamu, akaonja kipande. Akatema kwenye leso. "Mais c'est du sel!"

Muuguzi akacheka, hakuweza kujizuia. "Munyu, Papa. Ni munyu tu, kama ya mboga."

Chumvi, wakuu. Chumvi ya kurudisha ile iliyotoka kwa jasho.

"Ngapi ku siku?"

"Sita," nikasema. "Wakati mingine nane."

Muuguzi akaacha kucheka. Daktari akasogeza kiti. Alizungumza taratibu, muuguzi akimsaidia, na maneno yake ninayo hadi leo. "Ile dawa ni ya muntu mwenye anatoka jasho ku fourneau. Weye sasa uko unakaa ku kiti. Ile munyu itatokea wapi?"

Itatokea wapi. Haikutoka. Ilikaa ndani, ikashika maji, maji yakashuka miguuni, na presha ikapanda. Alisema moyo wangu bado una nguvu lakini unasukuma mzigo ambao si wake, na ningeendelea hivi ungechoka kweli. Akanipa vidonge vya kutoa maji, akaandika chakula bila chumvi, nirudi kila wiki. "Inapte" hakuandika.

Dawa ya moto. Papa Musonda alielewa ni dawa ya kutia moto mwilini. Kumbe ni dawa ya watu waliosimama mbele ya moto. Ukiondoka mbele ya moto, dawa nayo uiache huko huko.

Nilitoka pale mwepesi. Nilicheka korido nzima, Zaina analia, mimi nacheka. Sitakufa! Tukafika getini.

Getini nikasimama. Zaina akaniuliza nini.

Kopo la maziwa. Kila Jumapili baada ya misa.

Nikamwacha pale, nikarudi ndani karibu ninakimbia, nikamkuta daktari anaosha mikono. Nikamweleza yote: mzee, Katuba, kopo, miguu, kiti. Nikamuuliza kama ni mimi.

Alifuta mikono. Akasema hajui. Mzee angeweza kuwa na moyo mbovu toka zamani. Samaki wa Kilwa naye ana chumvi yake. Asiyempima mtu hawezi kujua. Lakini nilipomuuliza kama ile dawa ilimsaidia, alisema, "Non." Hilo halikuhitaji muuguzi.

Sikwenda Katuba Jumapili ile. Wala iliyofuata. Miguu yangu ilikuwa inanywea, Zaina anafuta chaki na kuandika namba ndogo, na mimi sina furaha. Nilijiambia mzee ameshazikwa, kumwambia mjane kutamrudishia nani? Ningenyamaza mpaka leo, najijua.

Jumapili ya tatu Zaina akanitoa nyumbani kwa nguvu. Nikaenda nikiwa nimeapa kutosema.

Maman Chanda alifurahi. Akaniambia nimekonda vizuri. Kisha akainuka kwenda kunipikia, na nikaona anajivuta. Nikatazama chini. Kitenge kilikuwa kirefu, lakini visigino havikufichika.

"Maman, mikulu yako iko namna gani?"

"Aa, ni uzee. Nguvu inaisha. Lakini ile dawa yako ya marehemu ilibakia makopo mawili, njo minamezaka."

Alitoa kopo moja kabatini anionyeshe, amelifunika na kitambaa cha kufuma, kama vyombo vya wageni.

Wakuu, nilikuwa nimeogopa kifo changu miezi mitatu. Sikuwahi kuogopa kama pale, mbele ya mwanamke mzee mwenye kopo la maziwa mkononi. Maana sasa nikinyamaza, nitakuwa najua ninachofanya.

Nikapiga magoti, nikasema. Yote. Munyu, daktari, Jumapili zote, hata ile "non".

Hakupiga kelele. Alikaa kwenye kile kile kiti. Nje watu wanapita, redio ya jirani inaimba sifa za chama, yeye ameshika kopo mapajani.

"Na weye ulikuwa unameza?" akauliza mwishowe.

"Nilikuwa nameza, Maman."

"Sawasawa na yeye?"

"Kumupita."

Akatikisa kichwa polepole. "Basi mulikula sahani moja."

Akaenda uani, akamwaga makopo yote mawili kwenye shimo la takataka, akafukia kwa jembe mwenyewe, alikataa nimsaidie. Kesho yake Zaina alimpeleka kwa daktari yule yule. Aliishi miaka mingi baadaye, aliwabeba watoto wangu wawili waliofuata.

Ila Jumapili ile hakunifukuza, wala hakusema amenisamehe. Alipika. Samaki wa kuchemsha, bila chembe ya chumvi. Akanitengea, akakaa mbele yangu, akanitazama mpaka nikamaliza. Na kila Jumapili niliyokwenda kwake toka siku hiyo, ndicho chakula alichonipa. Sikuwahi kuomba chumvi.

Kijana wa soksi, nakuomba hivi: kesho asubuhi nenda kapime. Miguu kuvimba huenda ni kukaa sana, huenda ni figo, huenda ni moyo, mimi si daktari na hawa wanaokucheka humu si madaktari. Na ukienda, tia kwenye mfuko kila unachomeza, hata kile usichokiita dawa. Hasa hicho. Ukiweza, nenda na mtu anayekujua, aseme yale utakayoyasahau.

Na kama kuna mzee unampelekea kitu kwa upendo kila wiki, kisome kwanza ni nini.

Haya, nimemaliza, na bando bado lipo. Nani mwingine humu aliwahi kufanya kazi ya moto akaambiwa ameze kitu asichokijua jina? Andikeni, nitasoma zote. Wenye vichekesho nao waandike, nitawajibu mmoja mmoja.